Ukialikwa Matangani Jamaika

Mama mmoja, msomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu, ameniletea swali ambalo sikulitarajia. Kijana wake alikwenda Birmingham kusoma, akaoa huko binti wa Kijamaika. Sasa nyanya ya mkaza mwana huyo amefariki kwao Clarendon, ukoo mzima unarudi nyumbani kumzika, na wakwe wamesema wangefurahi sana kumwona mama wa bwana. Nauli amekwisha tumiwa. "Niambie ukweli," ameandika, "huko ninakwenda kulia au kucheza?"

Vyote viwili, mama, na wewe msomaji mwingine ambaye huenda siku moja ukajikuta katika hali kama hiyo, maana vijana wetu siku hizi wanaoa na kuolewa kila pembe ya dunia. Kazi ni kujua cha kufanya usiku gani. Na kwa kuwa ni kwa wakwe, ambako mgeni hutazamwa kuanzia viatu hadi kilemba, ni heri kujua mapema.

Kwanza, usikimbie uwanja wa ndege kana kwamba maziko ni kesho. Wajamaika wengi wametawanyika Uingereza, Marekani na Kanada, na maiti husubiri hadi watoto na wajukuu wapate ruhusa kazini na tiketi. Wiki tatu ni jambo la kawaida, wakati mwingine zaidi ya mwezi. Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya kuwa na mochari za barafu, katika joto la kisiwa kile, mtu alizikwa siku hiyo hiyo au ya pili yake, kisha watu wakahesabu usiku tisa. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa mkesha mkubwa unaojulikana hadi leo kama Nine Night, yaani Usiku wa Tisa. Siku hizi hesabu imelegea. Mara nyingi mkesha wenyewe hufanywa usiku wa kuamkia maziko, au Ijumaa iliyo karibu, wala usimsahihishe mtu kwamba huu ni usiku wa ishirini na mbili.

Lakini matanga hayasubiri usiku huo. Tangu habari za kifo zitoke, ua wa nyumba ya marehemu hujaa watu kila jioni. Majirani huja na viti, wanaume hutandaza meza ya dhumna chini ya mwembe na kuzibamiza zile kete kwa kishindo ambacho mgeni angedhani ni ugomvi. Wengine hucheza ludo. Kuna vicheko. Usikasirike ukadhani hawana huzuni. Kazi yao ni kuhakikisha wafiwa hawakai peke yao na giza, na nani alisema ukimya ndio faraja pekee?

Ukifika, salimu. Jambo hili Wajamaika hulitilia maanani kama watu wa Pwani yetu: kupita mbele ya watu bila salamu ni utovu wa malezi. Na usitatizike mtu akikupokea getini kwa "good night" hali ndiyo kwanza unaingia. Kwetu tulifundishwa shuleni kwamba hayo ni maneno ya kuagana. Kwao ni salamu ya usiku, nawe uitikie hivyo hivyo. Wazee usiwaite kwa jina tupu. Mwanamke mzima ni "Miss" ukiongeza jina lake la kwanza, hata kama ana wajukuu kumi. Mzee wa kiume kijijini ni "Mass" fulani. Mama yetu wa Clarendon akimwita mkwewe hivyo siku ya kwanza, nusu ya safari amekwisha imaliza.

Usiende mikono mitupu. Sukari, kahawa, mchele, chupa ya pombe kali nyeupe ya miwa, vyote hupokelewa. Ukiwa na bahasha, mpe mkononi mtu mzima wa nyumba hiyo bila kelele. Usingoje mtu ashike kipaza sauti na kusoma majina ya waliochanga kama ilivyo desturi yetu. Gharama za maziko ni mzigo kwao kama kwetu, na wengi huubeba kwa bima, kwa fedha zinazotoka kwa ndugu walio ng'ambo, na kwa kile wanachokiita "pardner", ambacho mama yeyote wa Nairobi angekitambua mara moja: ni chama, ule mzunguko wa kupeana fedha kwa zamu.

Sasa tuje kwenye Nine Night yenyewe. Imani ya zamani, waliyokuja nayo watumwa kutoka Afrika, ni kwamba roho ya mtu haina moja tu. Kuna inayokwenda kwa Mungu, na kuna kivuli kinachobaki kikizungukazunguka nyumbani. Kivuli hicho huitwa "duppy", na kisipoagwa vizuri kinaweza kuwasumbua walio hai. Usiku wa tisa ndio wa kukiaga. Katika nyumba zinazoshika mila utakuta vioo vimefunikwa, na baadaye godoro limegeuzwa na vitanda vimehamishwa ili mwenye chumba akirudi asipatambue. Wajane wa zamani walivaa hata nguo za ndani nyekundu ili marehemu asiwajie usiku. Hilo usimwulize mtu. Nalitaja tu usije ukashangaa likitajwa kwa mzaha.

Chakula ni kingi. Samaki wa kukaanga na mkate mzito wa kwao, kahawa na chai ya tangawizi, wali na mbuzi wa bizari. Halafu kuna supu inayoitwa "mannish water", inayopikwa kwa kichwa, matumbo na miguu ya mbuzi pamoja na ndizi mbichi. Mkenya atainywa bila kufundishwa. Jihadhari na jambo moja tu. Ukiona meza imeandaliwa pembeni, ina chakula kizuri na kinywaji, na hakuna anayeisogelea, usijipakulie. Hiyo ni ya marehemu, na katika nyumba za kimila haiguswi hadi saa sita ya usiku ipite.

Ile pombe nyeupe nayo si ya kuchezea. Ile maarufu zaidi ina kileo cha asilimia 63, na kabla ya kunywa watu humwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Kama hunywi, sema hunywi, hakuna atakayekulazimisha. Kama unanywa, kumbuka uko kwa wakwe.

Kinachonigusa zaidi katika mikesha hii ni uimbaji. Wajamaika huita nyimbo zao za matanga "sankey", kutokana na jina la Mmarekani Ira Sankey, aliyekusanya nyimbo za injili katika karne ya 19. Mtu mmoja, kwa kawaida mzee mwenye sauti kavu, hutamka mstari kwa haraka, na umati ukauchukua na kuuvuta polepole kwa sauti nyingi bila ala yoyote. Kisha mstari mwingine. Desturi hiyo ilianza wakati wengi hawakujua kusoma na vitabu vilikuwa haba. Mkenya aliyelelewa na Tenzi za Rohoni atazitambua tuni kadhaa, maana zimetoka kisima kimoja. Jiunge nao, hata kwa Kiswahili. Nakuhakikishia hakuna zawadi utakayompa mfiwa itakayozidi hiyo.

Katikati ya nyimbo huja vitendawili, na hadithi za Anansi, yule buibui mjanja aliyevuka bahari kutoka kwa Waakan wa Afrika Magharibi na ambaye kwetu kazi yake hufanywa na Sungura. Ngoma hutegemea unakokwenda. Parishi ya St Mary wana Dinki Mini, ngoma ya kuwachangamsha wafiwa, yenye ala iitwayo benta iliyotengenezwa kwa mwanzi na kibuyu. Magharibi, Hanover na Westmoreland, wana Gerreh. Mashariki, parishi ya St Thomas, kuna Kumina, na hapo msomaji tega sikio. Kumina ililetwa na watu wa Kongo waliopelekwa Jamaika kama vibarua wa mkataba katikati ya karne ya 19, baada ya utumwa kwisha. Mpigaji huilaza ngoma chini, akaikalia kama anayepanda farasi, na kuibana ngozi yake kwa kisigino ili kubadili sauti. Katika nyimbo zao yamebaki maneno ya Kikongo, na Mungu humwita Nzambi. Kikongo ni Kibantu, ndugu wa Kiswahili na wa lugha nyingi za kwetu. Fikiria kusafiri baharini na angani kote huko ukakute jamaa!

Lakini nisikudanganye. Katika mitaa mingi ya Kingston, na hata vijijini, sankey zimesukumwa pembeni na spika zenye urefu wa mtu. Huja didijei, huja muziki wa dancehall, huja vijana wenye fulana zilizochapishwa picha ya marehemu, na usiku unakuwa karamu ambayo baadhi ya wahudhuriaji hawakumjua marehemu hata kwa sura. Wazee wao hulalamika vile vile wazee wetu wanavyolalamikia disko matanga, ambazo machifu kwetu wamezipiga vita kwa miaka mingi. Jamaika ina sheria ya kelele ya mwaka 1997 inayotaka muziki uzimwe saa nane za usiku mwisho wa juma, na saa sita siku nyingine. Hutii anayetaka. Mimi naona wazee wana haki, ingawa nakiri kwamba hata Dinki Mini ya zamani ilikuwa ngoma ya kukata viuno, na huenda mababu zao nao walinung'unika. Ukichoka, aga wenyeji uende ukalale. Na mjini usitoke peke yako usiku, fuatana na watu wa nyumba hiyo.

Asubuhi ya maziko mambo hugeuka. Wale wale waliokuwa wakibamiza dhumna utawaona wamevaa suti zilizopigwa pasi kama karatasi. Uliza mapema rangi, kwa sababu familia huchagua: nyeusi na nyeupe, zambarau, au rangi aliyoipenda marehemu. Kanisani utapewa kijitabu chenye picha na wasifu, na ibada mara nyingi huitwa ya shukrani kwa maisha ya marehemu. Ni ndefu. Kuna salamu za kila upande, kuna waimbaji, kuna mjukuu aliyetoka Toronto ambaye hawezi kumaliza kusoma. Jeneza huweza kuwa wazi ili watu waage. Si lazima upite, na ukipita usitoe simu kupiga picha kabla ya kuomba ruhusa. Usishtuke pia ukiona mtoto mdogo akiinuliwa na kupitishwa juu ya jeneza kutoka mikono hii hadi ile. Wanamkinga ili aliyempenda asimrudie usiku.

Kisha kaburi, na hapa Mkenya hatahitaji mkalimani. Mashambani, wengi huzikwa katika ardhi ya ukoo. Utumwa ulipokwisha kabisa mwaka 1838, waliokuwa watumwa walinunua vipande vidogo vya ardhi, na vingi kati ya vipande hivyo havikugawanywa wala kuuzwa tena: ni vya kizazi chote, walio nyumbani na walio ng'ambo. Makaburi ya saruji yaliyo nyuma ya nyumba ndiyo hati. Anayesafirishwa kutoka London kuja kulala kando ya nyanya yake anasema mimi pia ni wa hapa. Sisi tulioifuata kesi ya S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Nyalgunga Mei 1987 baada ya mahakama kuamua, tunajua vizuri jinsi kaburi linavyoweza kuwa na uzito kuliko nyumba.

Kaburi lenyewe hujengwa kwa matofali na saruji, na wachimbaji na wajenzi hulishwa na kunyweshwa. Jeneza likiisha kuteremshwa watu hawaondoki. Mabamba huwekwa juu, saruji hukorogwa pale pale, na nyimbo zinaendelea hadi fundi apitishe mwiko wa mwisho. Usinyooshe kidole kuelekea kaburini, hata kuonyesha maua. Watoto wa Kijamaika huambiwa kidole hicho kitaoza, na dawa yake ni kuving'ata vyote kumi.

Kama marehemu au jamaa zake ni Marasta, usipime kwa haya niliyoyasema. Wengi wao kwa desturi hujitenga na mambo ya kifo, na wapo wasiohudhuria maziko hata ya watu wao wa karibu. Bob Marley alizikwa kwa taratibu za Kanisa la Othodoksi la Ethiopia, ambako alikuwa amebatizwa mwaka 1980. Ibada ilifanywa Kingston tarehe 21 Mei 1981, na msafara ukampeleka kijijini kwao Nine Mile, parishi ya St Ann.

Na kwa wanafunzi mlio Uingereza, ambao hamtafika Clarendon lakini mna jirani au mwenzenu wa darasani mwenye asili ya Jamaika: Nine Night mtaikuta huko huko Birmingham na London, katika sebule ndogo zilizojaa hadi kwenye ngazi. Makaburini mtaona jambo moja ambalo wafanyakazi wa makaburi ya Kiingereza walichukua muda kulizoea. Wafiwa hawaondoki wawaachie watu wa manispaa kufukia. Wanaume huvua makoti na kupokezana sepetu huku wanawake wakiimba, hadi udongo ujae na maua yapangwe juu. Mgeni naye hupewa zamu yake. Ukinyooshewa sepetu, ipokee, na siku hiyo vaa viatu ambavyo havitakuogopesha kukanyaga tope.