Baridi Yabisi Si Ugonjwa Mmoja

Kilosa ni wilaya ya jembe, ya mkonge na ya mifugo. Watu wake huinama mashambani, hubeba mizigo kichwani na huenda mwendo mrefu kwa miguu. Na wengi wao wafikapo utu uzima hulalamikia magoti, viuno na mabega. Kuanzia stesheni ya reli ya Kilosa hadi kando ya barabara kuu pale Mikumi, malalamiko hayo hupewa jina moja: baridi yabisi. Jina hilo latosha kwa mazungumzo ya barazani. Halimtoshi mwanafunzi wa utabibu, na ni hatari aliandikapo katika cheti cha mgonjwa kana kwamba amekwisha kuutambua ugonjwa.

Kiungo huundwa kwa ncha za mifupa zilizofunikwa na gegedu laini, na huzungukwa na utando utoao ute wa kulainisha. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa hiyo huweza kulika polepole bila mwenyewe kuhisi, na likiisha kulika haliponi kama ngozi iponavyo. Maumivu hutoka katika utando, katika mfupa na katika kano zilizo jirani. Huonyesha mahali penye madhara, lakini hayataji chanzo chake.

Na vyanzo ni vingi. Kuna kuchakaa kwa kiungo, ambako Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa kuliwapata watu milioni 528 duniani mwaka 2019. Maumivu yake huzidi kwa kazi na hupungua kwa mapumziko. Kuna maradhi ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando wa viungo; mgonjwa huamka vidole vya mikono yote miwili vimekakamaa kwa saa nzima au zaidi. Kuna jongo, lisababishwalo na chembe kali za asidi ya yuriki, ambalo mara nyingi huanza usiku katika kidole gumba cha mguu. Kuna usaha ndani ya kiungo, ambao huweza kuliharibu gegedu kwa siku chache tu. Na kuna homa ya baridi yabisi, imfuatayo mtoto baada ya maambukizo ya koo: magoti yake hupona kabisa, huku vali za moyo zikibaki na kovu la maisha.

Katika wilaya ya wafugaji hapana budi kuongeza ugonjwa wa brusela, uwafanyao ng'ombe kutupa mimba. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kumzalisha mnyama mgonjwa, kisha hupatwa na homa za kupanda na kushuka, jasho, na maumivu ya mgongo na nyonga. Tiba yake ni dawa mbili za kuua bakteria, na kwa kawaida huchukua wiki 6. Vidonge vya kutuliza maumivu havimwondoi mdudu huyo.

Historia ya Tanzania yenyewe ina funzo kubwa. Mwaka 1952 watu wa Newala, katika nyanda za Wamakonde, waliangushwa ghafla na homa na maumivu makali ya viungo. Wamakonde wenyewe waliuita ugonjwa huo chikungunya, kwa jinsi ulivyowakunja watu. Mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo yao juu yake, na leo neno hilo la Kimakonde limo katika vitabu vya utabibu vya dunia nzima. Kirusi chake huenezwa na mbu aumaye mchana. Kama homa ile ingeachwa ndani ya kapu la baridi yabisi, isingejulikana.

Watasema wengine kwamba wagonjwa ni wengi, vipimo ni haba, na wazee wengi huugua uchakavu tu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini maswali manne hayahitaji mtambo wowote. Maumivu yalianza lini? Yameshika kiungo kimoja au vingi? Yanazidi asubuhi au baada ya kazi? Je, kuna homa? Kisha mkono uwekwe juu ya kiungo. Kiungo kimoja kilichovimba, chenye joto na kisichoweza kusogezwa, kihesabiwe kuwa na usaha mpaka ute uliovutwa kwa sindano safi na kutazamwa kwa hadubini uthibitishe vingine.

Kilosa kina chuo cha matabibu, na Mikumi ina hospitali. Vijana wanaofunzwa katika mazingira kama hayo ndio watakaomwona mgonjwa kwanza, kabla ya bingwa yeyote. Wakizoea kumpa kila mtu diklofenaki na kumwambia aende zake, tumbo na figo za mgonjwa huweza kudhurika, na wakati wa kuokoa kiungo ukapita. Dawa za kuituliza kinga, kama methotreksati, hufaa zaidi zinapoanzwa mapema, katika miezi ya mwanzo. Sindano ya penisilini inayorudiwa kila wiki 3 au 4 humlinda mtoto asipatwe tena na homa iharibuyo moyo.

Kwa hiyo vyuo vya utabibu havina budi kukipa kiungo nafasi ile ile vinayoupa moyo na mapafu. Mkulima asiyeweza kupiga magoti shambani hana chakula, na huenda ugonjwa wake ulikuwa na dawa tangu siku ya kwanza.