Matuta ya Mlalo na Viongozi Wanaofoka



Ipo hoja inayorudiwa katika ofisi, shule na mashamba yetu ya Lushoto: kwamba mfanyakazi asipofokewa hafanyi kazi. Wenye kuisema huiita nidhamu. Mimi nasema ni uvivu wa kiongozi, tena ni hoja ambayo milima hii ya Usambara imekwisha kuiona ikishindwa.

Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo. Wakulima waliamriwa kulima matuta mashambani mwao, na wakaidi waliadhibiwa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, wala nia haikuwa mbaya. Lakini mkulima hakuulizwa juu ya udogo wa shamba lake, uzito wa kazi hiyo, wala hofu yake ya kunyang'anywa ardhi. Ilizaliwa chuki, na chuki hiyo ikaipatia TANU wafuasi wengi milimani. Kabla ya Uhuru mpango ulikuwa umekufa.

Udongo ule ule uliendelea kuteremka mitoni. Mradi wa SECAP, ulioanza mwaka 1981, ulitegemea mafunzo na mazungumzo zaidi kuliko amri. Wakulima wengi wakapanda miti na majani ya guatemala kukinga miteremko. Kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kuiomba.

Watasema: upole huzaa uzembe. Sivyo. Kusikiliza si kudekeza. Msikivu aweza kumwonya mzembe, hata kumwachisha kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Kinachozaa uzembe ni hofu. Anayefokewa kila siku hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuficha kosa. Karani huficha hesabu isiyolingana. Muuguzi huficha dawa aliyoikosea. Siku kosa linapofichuka, anayelipa ni mgonjwa, wala si bwana mkubwa aliyefoka.

Wasambaa wa kale walimpima mfalme wao wa Vugha kwa swali moja: je, anaiponya nchi, yaani *kuzifya shi*, au anaiharibu? Tuliulize swali hilo juu ya meneja, juu ya mwalimu mkuu na, naam, juu ya paroko. Anayeogopa kuulizwa amekwisha kujibu.