Jiwe la Mugere na Picha Zetu

Walimu wenzangu, nimenyamaza muda mrefu, na sasa naona kwamba kunyamaza kwangu kumekuwa sehemu ya kosa lenyewe. Nina ugomvi na desturi moja iliyoingia katika chama chetu polepole, ikaketi, ikakaribishwa, na leo yahesabiwa kuwa jambo la heshima. Ni desturi ya mwalimu kusafiri hadi mahali penye historia, akapiga picha mia mbili, akazitawanya kwa wenzake kwa njia ya simu, kisha akadhani kwamba amewagawia kumbukumbu.

Nianze na kisa kilichonitoa katika ukimya. Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa ni rafiki yangu na kosa si lake peke yake, alikwenda Mugere, yapata kilomita 12 kusini mwa Bujumbura, penye lile jiwe kubwa linalotazama ziwa la Tanganyika. Akapigwa picha. Ameegemea jiwe, amevaa miwani ya jua, na mgongo wake umefunika nusu ya maandishi. Chini ya picha akaandika kwamba hapo ndipo Stanley alipokutana na Livingstone. Wenzake wakamsifu. Mimi pia nilimsifu, nakiri. Miezi michache baadaye nilikuwa nikisahihisha insha, nikayakuta maneno yale yale katika daftari la mwanafunzi mwenye bidii kuliko wote darasani. Nikatia alama ya kosa. Mtoto akaja mezani pangu kwa adabu zake zote, akasema, "Mwalimu, mbona mwalimu mwenzako ameandika hivi, na picha ipo?"

Picha ipo! Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake nzima, nami sikuwa na jibu la haraka, maana jina langu lilikuwamo miongoni mwa wasifuji.

Ukweli wa jambo lenyewe haukufichwa popote. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, katika nchi iitwayo leo Tanzania, mwaka 1871. Stanley aliandika kwamba ilikuwa tarehe 10 Novemba, ingawa wataalamu waliolinganisha shajara za watu wale wawili wameona kwamba hesabu zao za siku zilikuwa zimepotoka. Baada ya kukutana walipanda mtumbwi pamoja, wakaelekea kaskazini mwa ziwa kutafuta jibu la swali moja tu: Mto Rusizi waingia ziwani, au watoka? Ungalikuwa unatoka, pangekuwa na matumaini kwamba maji ya Tanganyika yanakwenda kuulisha mto Nile. Wakafika, wakaona kwa macho yao kwamba unaingia. Katika safari hiyo ndipo walipokuwa wageni wa chifu Mukamba, wakalala siku mbili, tangu tarehe 25 Novemba. Jiwe la Mugere limechongwa majina ya wageni wawili na tarehe hiyo, basi. Halisemi kwamba walikutana hapo. Uongo haukutoka kwa jiwe.

Najua jibu nitakalopewa, kwa kuwa nimekwisha kupewa katika mkutano wetu mmoja: sisi ni walimu wa lugha, historia ina walimu wake. Hoja hii kila niisikiapo hunichoma. Kitenzi "kukutana" na kitenzi "kulala" ni mali ya idara ipi? Tofauti yote iliyopo baina ya Ujiji na Mugere imo katika vitenzi hivyo viwili. Ikiwa mwalimu wa Kiswahili hawezi kuchagua kitenzi kimoja kilicho sahihi cha kuweka chini ya picha yake mwenyewe, kwa uso gani atamkata alama mtoto aliyekosea upatanisho wa ngeli?

Lakini nisijifanye mtakatifu. Miaka michache iliyopita nilipata bahati ya kusafiri hadi Ujiji, kisha nikaendelea hadi Bagamoyo. Nilirudi na picha zaidi ya mia mbili. Jambo la kwanza nilikwenda Buyenzi kumsalimu shangazi yangu, kwa sababu marehemu baba yake, ndiye babu yangu, alikuwa mtu wa Ujiji, na yeye mwenyewe hakujaliwa kufika huko. Akaniambia, "Haya, mwanangu, nionyeshe Ujiji ya baba."

Nikamwonyesha. Mimi mbele ya mnara wa ukumbusho. Mimi chini ya mwembe. Mimi katikati ya zile sanamu mbili zinazosalimiana. Shangazi alitazama kwa subira, kisha akaanza kuuliza. Mwembe huu ndio ule wenyewe? Sikujua vizuri; niliwahi kusikia kwamba miembe iliyopo ni vipandikizi vya ule wa kale, lakini nilisikia kwa nani? Soko lilikuwa upande gani? Sikujua. Na ziwa li wapi, mbona watu waliofika na kuondoka kwa mitumbwi wanakumbukwa mahali pasipoonekana maji? Nalo sikujua. Mwisho akaweka kidole pembeni mwa picha moja, palipoonekana nusu ya mzee aliyeketi barazani, amekatwa na ukingo wa picha. "Na huyu ni nani?"

Mzee yule, ndugu zangu, alikaa nami karibu saa nzima. Alinieleza njia ya zamani ya kuteremkia ziwani, alinitajia majina ya koo zilizohamia Burundi na Kongo, na yamkini alilitaja hata jina la ukoo wetu. Sikuandika neno. Nilikuwa na simu mkononi, nikadhani picha itanitunzia. Picha ilitunza kanzu yake na bega moja. Shangazi hakunilaumu, alinirudishia simu, akaniuliza kama nimekwisha kula.

Swali la ziwa nimelipatia jibu baadaye, na ninaliandika hapa ili angalau safari ile izae kitu. Siku zile za Livingstone maji ya Tanganyika yalikuwa juu sana kuliko sasa, kwa kuwa tundu lake la kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, lilikuwa limezibwa na matope na mimea. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi kile kikabomoka, maji yakateremka kwa kadiri ya mita kumi katika miaka iliyofuata, na ufuko ukasogea mbali. Kwa hiyo mgeni wa leo anayesimama penye mnara wa Ujiji anasimama mahali palipoachwa na ziwa. Sisi wa Bujumbura, tulioona ziwa hilo hilo likipanda tena na kuingia majumbani mwa watu Gatumba mwaka 2020 na baada yake, tulipaswa kuwa watu wa kwanza kuuliza swali hilo. Hakuna picha iwezayo kulieleza, hata ikapigwa na fundi bingwa. Latakiwa neno.

Kuna dhara jingine, nalo kwangu ni zito zaidi. Picha isiyo na maneno hurithi kimya cha kitu kilichopigwa. Jiwe la Mugere limetaja wageni wawili. Halikumtaja Mukamba aliyewapokea na kuwalaza, wala wapiga makasia waliowatoa Ujiji kwa mikono yao, wala Bombay, ambaye bila yeye na wenzake msafara wa Stanley usingalifika ziwani. Tukilipiga picha jiwe na kunyamaza, tunatia sahihi kile kimya. Waliosema "ukiona vyaelea, vimeundwa" walijua kwamba chombo kina fundi, na mwalimu wa lugha hana udhuru wa kumsahau fundi.

Nichukue Bagamoyo. Ninazo picha nne za mnara wa kanisa la zamani la misheni, ule uitwao kwa jina la Livingstone, kwa sababu maiti yake ililazwa hapo kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na hatimaye Uingereza. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iliyo leo Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 mpaka pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Susi huyo ndiye aliyekuwa amemtangulia bwana wake kumlaki Stanley pale Ujiji. Watu wangapi kati yetu wamepiga picha mnara ule? Na wangapi wameandika chini yake jina la Susi? Mimi katika zile nne sikuliandika hata mara moja. Niliandika "Safari njema, hali ya hewa safi."

Na hilo jina Bagamoyo lenyewe! Mtembezaji mmoja alituambia kwamba maana yake ni kuubwaga moyo kwa faraja, kama apumzikavyo mpagazi aliyefika mwisho wa njia. Mwingine, siku iyo hiyo, akatuambia kwamba ni kuubwaga moyo kwa kukata tamaa, kama afanyavyo mtumwa anayeiona bahari. Maana mbili zilizo kinyume, jina moja, na sisi tulikuwa walimu kumi na mmoja wa Kiswahili. Hakuna aliyeuliza. Tulikuwa tunapanga mstari wa kupigwa picha. Huko Kaole, mwendo mfupi kusini mwa mji, penye magofu ya misikiti miwili na makaburi ya kale, mwenzetu mmoja alipiga mihrabu akaiandikia "majengo ya zamani". Nyumba ya bibi yangu nayo ni jengo la zamani.

Wakati mwingine mchezo huu huchekesha. Katika kundi letu la simu, mwaka mmoja, zilifika picha tatu za watu watatu, kila mmoja amesimama penye chimbuko la Nile. Wa kwanza alikuwa Rutovu, kusini mwa nchi yetu, penye ile piramidi iliyojengwa mwaka 1938 kwa juhudi za Mjerumani Waldecker. Wa pili alikuwa msitu wa Nyungwe, Rwanda. Wa tatu alikuwa Jinja, Uganda, mahali alipofika Speke mwaka 1862. Wote watatu walipongezwa kwa usawa. Kila mmoja angeweza kutetewa, kwa sababu maji yanayotoka katika ziwa ni jambo moja, na kijito cha mbali kabisa kinacholilisha ziwa hilo ni jambo la pili. Lingekuwa somo zuri ajabu: neno "chimbuko" lina maana gani, na nani ana haki ya kuliamua? Somo likapita mbele ya walimu arobaini, likaenda zake.

Asije mtu akasema kwamba ninapiga vita picha. Nina wenzangu wanaofundisha katika vilima vya mbali, ambao wanafunzi wao hawajaiona bahari wala jahazi, na picha moja ya forodha ya Unguja yaweza kuwasaidia kuliko maneno yangu ya siku nzima. Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikapata nafasi katika shule za msingi, watoto wetu wanahitaji kuona mahali ambapo lugha hii ilikokulia na njia zilizoileta mpaka kwetu. Nauli ni ghali, na anayesafiri husafiri kwa niaba ya wasioweza. Kwa sababu hiyo hiyo deni lake ni kubwa. Aliyebaki nyumbani hana namna ya kumhoji mzee wa barazani, hana namna ya kuinama asome herufi iliyofutika. Amekutuma wewe.

Basi napendekeza kwa wahariri wa jarida hili, na kwa halmashauri ya chama, kwamba picha ya mahali pa historia isipokewe ikiwa haina maelezo ya mkono wa aliyeileta: ni mahali gani, lini alifika, nani alimweleza, na lipi aliliona mwenyewe mbali na aliloambiwa. Ukurasa mmoja watosha. Kama mwenyeji hataki jina lake lipigwe chapa, liachwe, lakini iandikwe kwamba palikuwa na mwenyeji. Heri chama kipokee picha tatu kwa mwaka zenye kurasa tatu, kuliko mia mbili zenye miwani ya jua.

Nimempigia simu yule rafiki yangu, nikamweleza kwamba nitaliandika jambo hili. Alikasirika kidogo, kisha akacheka, kisha akauliza kama kweli hawakukutana Mugere. Tumekubaliana kwenda pamoja Jumamosi ijayo, kwa basi la Rumonge. Yule mwanafunzi wangu amepewa ruhusa na wazazi wake, naye atachukua daftari. Mimi nitashika simu, na rafiki yangu amekwisha kuahidi kwamba safari hii atasimama pembeni.