Hataza Haikumzaa Mvumbuzi

Juzi, katika mkutano wa wafanyabiashara, alisimama mnenaji mmoja akatuusia kwa sauti ya khatibu kwamba taifa lisilo na sharia kali ya hataza, ile haki ya mvumbuzi kuuhodhi uvumbuzi wake, halizai mvumbuzi wala kiwanda, na hadhira ikampigia makofi kana kwamba imesomewa aya. Mimi sikupiga, kwa kuwa dhana hiyo ni batili, na ithibati ya ubatili wake imo katika tarikhi ya Wazungu wale wale aliowataja kwa taadhima.

Uholanzi ilikuwa na sharia ya hataza, ikaifuta mwaka 1869, na haikutunga nyingine ila mwaka 1910, ilhali jirani zake Ubelgiji na Ujerumani waliendelea kutoa hataza. Je, Waholanzi walikaa wakipiga miayo? Mwaka ule ule wa 1869 Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès alijipatia kwao Ufaransa hataza ya majarini. Na kabla ya mwaka 1871 kwisha, akina Jurgens, wauza siagi wa mji wa Oss, walikuwa wakiitengeneza majarini hiyo bila ya kizuizi, wakafuatwa na akina Van den Bergh, na katika nyumba hizo mbili ndimo ulimotoka upande wa Kiholanzi wa Unilever, ambayo majarini yake tulipakia mkate utotoni. Mwaka 1891 Gerard Philips na babaye wakafungua kiwanda cha balbu Eindhoven, na hakuna hataza ya kigeni iliyowabishia hodi nchini mwao.

Uswisi nayo haikuwa na sharia ya shirikisho mpaka mwaka 1888, na hata hiyo ililinda vitu vya kuonyeshwa kwa kielelezo tu, ikaiacha kemia nje hadi mwaka 1907. Wafaransa walipoihodhi rangi nyekundu ya fuksini kwa hataza, wenye maarifa walivuka mpaka hadi Basel, wakaanzisha viwanda vya rangi vilivyogeuka baadaye kuwa vya dawa. Ajabu ya mambo, Novartis, kitukuu wa viwanda hivyo, ndiyo iliyokwenda Mahakama ya Juu ya India kudai hataza ya dawa ya saratani Glivec, ikashindwa mwaka 2013. Alhamdulillahi!

Nilipoyaeleza haya, bwana mmoja alinijibu kuwa Waholanzi walifaulu kwa sababu ya baridi, ambayo humlazimisha mtu kufikiri. Kama ni baridi, basi Greenland ingelikuwa inatuuzia ndege! Fauka ya hayo, nimechoka na semina za kugawa vyeti na maandazi yaliyolala, ambamo fundi wa Kamukunji, Nairobi, au wa Gerezani, Dar es Salaam, hufundishwa kujaza fomu za hataza, naye aghalabu hana umeme wa kutosha kuchomelea jiko analoambiwa alilinde.

Hataza hufuata utajiri, haiutangulii: kwanza Waholanzi na Waswisi waliiga, wakajifunza, wakashiba, ndipo wakafunga mlango. Leo Shirika la Biashara la Dunia limezipa nchi maskini kabisa, Tanzania na Uganda zikiwamo, muhula wa kutolazimika kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba wake wa miliki bunifu, pamoja na hataza, mpaka tarehe 1 Julai 2034, muhula ambao jirani yao Kenya hana. Anayezihimiza ziutupe muhula huo ili zionekane zimestaarabika anazitaka zilipie mlango ambao matajiri waliupita bure.