Sangari haitaondoka Chome kwa dawa peke yake

MKULIMA wa Chome, wilayani Same, akiambiwa kuwa wapo watu wanaolipwa mshahara kutunza ukoka, atacheka. Kwake ukoka, sangari na ndago ni maadui. Lakini kwenye viwanja vya gofu, ukoka ndiyo mali yenyewe. Aina moja iliyoenea sana duniani, Tifway, ilitolewa mwaka 1960 huko Georgia, Marekani, nayo ni chotara wa ukoka wa kawaida na ndugu yake wa Afrika Kusini. Haitoi mbegu ya kuota. Hupandwa kwa vipande vya shina, kama tunavyopanda marando ya viazi.

Tunalitaja hili kwa sababu watunza viwanja hao wana jambo la kutufundisha. Wao hupambana na magugu kwanza kwa kunenepesha nyasi wanazozitaka. Huzipa mbolea na maji, na huzikata mara kwa mara bila kuzinyoa hadi udongo uonekane. Wanajua kuwa penye upara ndipo ndago huingia. Dawa hufuata baadaye.

Milimani kwetu mambo ni kinyume. Sangari ikitokea, tunaikatakata kwa jembe la kawaida, na kila kipande cha shina lake la chini kinaota upya. Mwenye mche mmoja anajikuta na ishirini. Wengine wanatupa mabaki mferejini, maji yakifunguliwa kutoka kwenye ndiva yanamfikishia jirani wa chini zawadi asiyoiomba.

Sasa wengi wamekimbilia dawa za glaifoseti. Hatuzipingi, ila zinaua hata tangawizi na maharage zikigusa majani yake, na shamba la mteremko likibaki tupu, mvua ya kwanza inashuka na udongo. Anayelazimika kupiga, apige kabla ya kupanda, majani ya sangari yakiwa mabichi, mvua ikiwa haijakaribia, na mbali na mfereji. Tena anunue dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), yenye lebo yake. Iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa aiache hapo hapo dukani.

Kwa shamba dogo, tunashauri kung'oa kwa jembe la meno wakati wa kiangazi, kabla ya vuli, na kuanika mashina juu ya mawe hadi yakauke kabisa. Kisha eneo hilo lisiachwe wazi hata msimu mmoja. Viazi vitamu au fiwi vifunike ardhi, na kingo za matuta zipandwe mabingobingo. Hayo ndiyo majani ya ng'ombe wa ndani, maana Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia wa Chome, unaopanda hadi kilele cha Shengena, si malisho. Mabingobingo nayo yakatwe kwa wakati, la sivyo yataingia shambani.

Kazi hii haifai kuachiwa kaya moja moja. Mfereji ni wa wote, hivyo wanaotumia ndiva moja wapange siku moja ya kung'oa, na ofisa ugani awepo. Nao wauza pembejeo wa Same mjini watazame rafu zao: je, kuna jembe la meno, au ni chupa za dawa tu?