Linda Ronstadt na Zizi la Nyimbo Bora

Iko desturi moja ya wafanyabiashara wa santuri ambayo yafaa itazamwe kwa jicho kali. Mwimbaji akishapendwa na wengi, wao huzikusanya nyimbo zake zilizouzika, wakazitia katika santuri moja na kuandika juu yake kwamba hizo ndizo bora. Tangu hapo mnunuzi huamini amempata mwimbaji mzima, na mwimbaji naye hutakiwa asitoke tena nje ya zizi hilo.

Linda Ronstadt wa Marekani alijengewa zizi lake mwezi Desemba 1976, akiwa na umri wa miaka 30. Santuri hiyo imeuza nakala zipatazo milioni 7 katika Marekani peke yake. Imo "Different Drum" ya mwaka 1967, aliyoiimba na kundi la Stone Poneys. Imo pia "You're No Good", iliyoshika nafasi ya kwanza nchini humo mapema mwaka 1975. Ni roki iliyotiwa ladha ya muziki wa kantri, na tuseme kweli, ni kazi nzuri. Nyimbo zote 12 zilitungwa na watu wengine, na wako wanaombeza kwa sababu hiyo. Sikubaliani nao. Hata kwetu, anayeghani utenzi wa mwingine kwa sauti inayowaliza wasikilizaji hakosi sifa yake.

Lakini mwanamke huyu alikataa kufungwa. Mwaka 1983 alitoa "What's New", akiimba nyimbo za kale mbele ya okestra ya Nelson Riddle. Wakubwa wa kampuni walikuwa wamemsihi aiache kazi hiyo, wakiogopa kwamba vijana wa roki wangemkimbia. Santuri hiyo ikapindukia nakala milioni 2, na wao wakanyamaza.

Hapa sina budi kuligusa jambo ambalo wasifiaji wake hupenda kuliruka. Mwaka huo huo wa 1983 alikwenda kuimba Sun City, katika Bophuthatswana, nchi bandia iliyobuniwa na makaburu, wakati ambapo Umoja wa Mataifa ulikwisha waomba wasanii waisusie Afrika Kusini. Aliyeweza kuwakatalia matajiri wa santuri angeweza kuwakatalia na matajiri wa kamari. Hakufanya hivyo, na uzuri wa sauti yake haulifuti kosa hilo.

Hata hivyo kazi yake kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ilikuwa bado mbele. Babu yake, mzaliwa wa Sonora huko Meksiko, alihamia Tucson, Arizona, akaongoza bendi mjini hapo. Shangazi yake, Luisa Espinel, naye mwimbaji, alizikusanya nyimbo za familia katika kijitabu kilichochapishwa mwaka 1946, mwaka aliozaliwa Linda. Mwaka 1987 Linda alikichukua kichwa cha kijitabu hicho, "Canciones de mi Padre", yaani nyimbo za baba yangu, akakipa santuri yake aliyoiimba yote kwa Kihispania, pamoja na fidla, magitaa na tarumbeta za mariachi. Hakutafsiri hata ubeti mmoja ili kumrahisishia mnunuzi wa Kiingereza. Wamarekani walinunua nakala zaidi ya milioni 2.

Tafakari, ndugu msomaji: lugha ambayo watoto wengi wenye asili ya Meksiko waliadhibiwa kwa kuisema shuleni huko Marekani ilipandishwa jukwaani na mwimbaji aliyekwisha kuwa tajiri kwa Kiingereza, ambaye hakuwa na shida yoyote ya kuitafuta.

Mwaka 2013 alitangaza kwamba maradhi yamemnyima uwezo wa kuimba. Redio bado zinapiga "You're No Good", wala si vibaya. Ila kijana anayetaka kumjua mwenye sauti hiyo aanze na santuri ya mwaka 1987, hata kama Kihispania hakijui.