Kiangazi hiki, mwachie ziwa mita 60 zake

Mvua zimekata. Ukipita siku hizi kando ya ziwa, iwe Kayenze, Igombe au Luchelele, au ukivuka kwenda Sengerema na Ukerewe, unaona kitu kilekile: vijana wako na mapanga wanafyeka matete, wengine wameshachoma, wengine wameshahamishia miche ya nyanya hatua kumi tu kutoka kwenye maji. Kila mwaka ikifika Juni ni hivyo. Na kila mwaka naulizwa maswali yaleyale: nipande mbegu gani, nipige dawa gani, mbolea mifuko mingapi.

Hayo tutayafikia. Leo mimi ndiye mwenye swali: umelima wapi?

Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane. Bustani ya kiangazi ni biashara nzuri sana kwa kijana wa Mwanza. Lakini bustani iliyo ukingoni kabisa mwa ziwa ni mtaji uliowekwa mahali pasipo pake. Rudi nyuma mita 60, lima eneo dogo unaloweza kulimudu, na huo ukanda wa matete uache kama ulivyo. Najua kuna watakaonuna. Nisikilizeni kwanza.

Kwa nini wote tunakimbilia majini

Sababu yenyewe naielewa vizuri. Kuanzia Juni mpaka Septemba bustani nyingi za kutegemea mvua huko Kwimba, Magu na Misungwi zinakuwa zimekwisha. Mchicha unaadimika, chainizi inapanda bei, na mwenye maji ndiye mwenye soko. Mama anayepanga mafungu Kirumba au Buhongwa hakuulizi una eka ngapi, anakuuliza una mzigo leo au huna.

Sasa kijana akiangalia, ziwa linashuka taratibu baada ya Mei, linaacha tope jeusi lenye unyevu. Hakuna wa kumlipa kodi, ndoo inafika majini kwa hatua tano, mbolea kama haihitajiki. Nani ataacha? Mtu akimwambia hapo pana hatari, anajibu, "Afisa, mbona wote tunalima hapa?"

Ni kweli, wote mnalima hapo. Na mimi nilikuwa naona sawa tu.

Mwaka 2020

Kulikuwa na kijana mmoja katika kata niliyokuwa nahudumia. Mwanzoni mwa 2020 alikopa kwenye kikundi, akanunua pampu, akalima robo eka ya nyanya jirani kabisa na maji. Nilipita shambani kwake mara mbili. Nikamsifu: nafasi ya mistari safi, miche ina afya, kafunga fito vizuri. Kuhusu ziwa sikusema neno. Ziwa lilikuwa linapanda mbele ya macho yetu wote wawili, mimi nikawa natazama majani kama yana ukungu.

Aprili mizizi ilikuwa inaogelea. Nyanya haitaki maji yasimame kwenye mizizi. Ilianza kunyauka mchana, ikageuka njano, na ilipofika Mei nusu ya shamba lilikuwa ziwa. Aliuza pampu kulipa deni. Siku aliyoniuliza, "Kaka, wewe si ulipita hapa?", sikuwa na jibu. Ndiyo maana naandika haya leo.

Mwaka ule Ziwa Victoria lilifika kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Mwaka 2024 likajaa tena na kuvuka kile cha 2020. Na wazee wetu wanakumbuka mvua za mwishoni mwa 1961, zile walizoziita mvua za uhuru, ambazo zilifanya ziwa lipande zaidi ya mita 2 hadi kufika 1964, na halikurudi haraka.

Kwa hiyo usipime kwa jicho la Julai. Tope unaloliona leo ni chumba cha ziwa, limetoka tu kupunga upepo. Likirudi halibishi hodi.

Jirani yako anafuga samaki

Tuseme huogopi mafuriko, unalima haraka na kuvuna kabla ya mvua. Bado kuna la pili, dawa.

Kiangazi ni msimu wa wadudu. Kantangaze kwenye nyanya, utitiri mwekundu, inzi weupe, vidukari kwenye chainizi na kabichi, wote wanapenda jua na ukavu. Matokeo yake mkulima anapiga dawa kila wiki, wengine mara mbili kwa wiki. Sasa soma lebo za hizo dawa. Zile zenye saipamethrini au lamda-sihalothrini, ambazo zimejaa madukani, ni sumu kali kwa samaki hata zikiwa kidogo sana kwenye maji. Halafu ukimaliza unaosha bomba la kupulizia wapi? Ziwani. Nimeona kwa macho yangu.

Na hapo mbele yako kuna vizimba. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti na vizimba hapahapa Mwanza, na vijana wengi wa rika lenu wameingia kwenye ufugaji wa sato. Sato aliye kizimbani hana pa kukimbilia. Usitake mtaji wako uote kwa kuua mtaji wa mwenzako.

Mbolea nayo ni hivyohivyo. Fosforasi inashikamana na udongo. Ukifyeka matete na kutifua ukingo, mvua ya kwanza ya Oktoba inasomba udongo na mbolea uliyoinunua kwa hela yako, inakwenda kulisha mwani na magugu maji. Magugu maji hayohayo ndiyo yanayoziba pampu yako. Yaani unalisha adui yako kwa mbolea ya dukani.

Matete na mafunjo mnayoyachoma ndiyo chujio. Ndimo samaki wadogo wanamojificha. Na maji ya bomba tunayokunywa mjini yanavutwa kutoka ziwa hilihili, Capri Point na Butimba. Mchicha unaouza Igoma na maji anayooshea mteja wako chanzo chake ni kimoja.

Sijagusa kiboko anayetoka usiku kula kabichi, wala kichocho. Konokono wa kichocho wanaishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, palepale unaposimama asubuhi na jioni kuchota kwa ndoo, miguu mitupu. Hesabu gharama ya kuugua nayo.

Sheria ipo tangu 2004

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto au zinazoweza kuharibu mazingira yake. Wengine wanasema mchicha si wa kudumu. Sawa, lakini shamba unalolima kila mwaka mahali palepale utaliitaje? Siku watu wa mazingira wakija kukuondoa, hakuna fidia ya nyanya. Mkopeshaji naye hakubali dhamana ya shamba ambalo sheria hailitambui. Ukitaka kilimo kiwe biashara, kiweke mahali ambapo unaweza kuonyesha hata mkataba wa kukodi.

Na ukishaanza kuvuta maji kwa mashine kwa ajili ya biashara, nenda ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria uulize kuhusu kibali cha kutumia maji. Bora uende mwenyewe kuliko kufuatwa.

"Afisa, na mafuta je?"

Hapa ndipo kwenye hoja yenu ya kweli, na siipuuzi. Kurudi nyuma kunaongeza gharama. Lakini tufanye hesabu badala ya kuogopa.

Pampu ya petroli ya inchi 2 tuliyoizoea inavuta maji kutoka kina cha mita 6 au 7 tu, lakini inasukuma kwenda juu mita 20 na zaidi. Kinachoitesa pampu ni mwinuko kuliko umbali. Kwenye mteremko wa kawaida, mita 60 kurudi nyuma ni kupanda kimo cha mita 3 au 4. Hiyo si kazi kwake. Weka pampu karibu na maji isukume. Usiiweke juu ivute. Tumia mpira wa inchi 2 mpaka mwisho, usiuunge na mwembamba njiani, maana hapo ndipo mafuta yanapoliwa bure. Iweke kwenye karai lenye mchanga ili mafuta yakidondoka yasiende majini, na jioni rudi nayo nyumbani.

Kinachokula mafuta kweli ni ukubwa wa eneo. Kwa jua letu la Agosti, mboga inahitaji kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000, kwa hiyo ni lita 5,000 kila siku, sawa na ndoo 250 za lita 20. Wengi wenu mnalima robo eka mnamwagilia nusu ya hiyo, halafu mnalaumu mbegu. Mita za mraba 250 zinahitaji lita 1,250. Hizo unazimudu, unazijaza kwenye tenki jioni na kumwagilia asubuhi. Mimi nachagua eneo dogo lililoshiba kuliko shamba kubwa lenye kiu.

Ukishapanda juu, fanya hivi

Kwanza, mita 60 usizipime kutoka kwenye maji ya leo. Muulize mzee wa hapo ziwa lilifika wapi 2020 na 2024, uanzie hapo. Ukipata mti mkubwa au jiwe ambalo maji hayakulifikia, hiyo ndiyo alama yako.

Pili, ujue udongo. Huku juu mara nyingi utakutana na luseni, ule udongo wa kichanga. Unapitisha maji haraka na hauna chakula kingi. Usimwage maji mengi kwa mpigo, utayapoteza. Mwagilia kidogo asubuhi mapema na kidogo jioni. Weka samadi iliyooza vizuri. Usukumani hatuna uhaba wa ng'ombe, tatizo ni uvivu wa kubeba.

Tatu, wakati wa kiangazi acha tuta mwinuko, tengeneza tuta mbonyeo, lile lililozama kidogo kuliko njia. Linashika maji mahali mizizi ilipo. Tuta mwinuko ni la masika.

Nne, tandaza majani makavu. Mpunga unavunwa wakati huuhuu na mabua yake watu wanayachoma. Omba, beba, tandaza unene wa kiganja, ukiacha nafasi kidogo kwenye shina. Udongo ukifunikwa, jua haliufikii na unapunguza safari za pampu.

Tano, usipande zao moja siku moja. Nyanya ya wote ikiiva wiki moja, tenga linauzwa kwa bei ya aibu. Gawa eneo lako: mchicha kwenye tuta mbili, unavuna ndani ya wiki 3 au 4, figiri, chainizi na mgagani kwenye nyingine, nyanya au hoho kwenye sehemu iliyobaki. Sia mchicha mpya kila baada ya wiki mbili. Hela ya mchicha ndiyo inanunua mafuta ya kusubiria nyanya.

Sita, dawa iwe ya mwisho. Kagua shamba kila baada ya siku tatu, okota nyanya zilizotobolewa na kantangaze uzifukie chini, usizitupe pembeni. Ukilazimika kupiga, heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na maji ya kuoshea bomba yamwage shambani, mbali na ziwa na kisima.

Neno la mwisho

Wapo watakaosema nawaonea vijana, kwamba wenye hoteli na majumba ufukweni hawaguswi. Hoja hiyo ina ukweli, na anayesimamia sheria aisimamie kwa wote. Lakini uzembe wa mwenye jumba haugeuki kuwa busara ukiuiga wewe. Yeye akifurikiwa ana pa kwenda. Wewe una pampu moja na deni la kikundi.

Yule kijana wa 2020 amerudi kulima. Yuko juu ya barabara sasa, eneo lake halifiki hata nusu ya lile la mwanzo, na kila asubuhi anapeleka mafungu yake sokoni kwa baiskeli. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda tena, alinipigia simu. Nilipoiona namba yake moyo ulishtuka. Kumbe alitaka kuniambia tu kwamba maji yamefika pale palipokuwa na nyanya zake za zamani, na yeye yuko anamwagilia.

Kabla hujafyeka tete hata moja wiki hii, shika kamba, pima hatua zako, urudi nyuma.